Filta ya polaraiza ya mm 77 kwenye ndege chakavu: wapi inafanya kazi, wapi haifanyi

Filta ya polaraiza ni kioo kinachofungwa mbele ya lenzi ya kamera na kuzungushwa ili kukata mng'ao; mm 77 ni kipenyo chake. Kama ndege unayoipiga picha bado ina rangi, filta hii inunue. Kama ni alumini tupu, rangi yote imebanduka, usitoe hela. Mwanga unaoakisiwa na rangi ya kung'aa, kioo au plastiki hupangika upande mmoja, na filta huuzuia ukiizungusha. Unaoakisiwa na metali tupu karibu haupangiki kabisa, hivyo mng'ao wa jua kwenye bawa utabaki palepale. Bodi ya namna hiyo isubirie jua la chini, baada ya saa 11 jioni, ambapo kila mstari wa riveti unatoa kivuli chake. Ukiomba kibali cha kuingia uwanjani, hakikisha saa hizo zimeandikwa.

Kwenye rangi ndipo filta inapolipa. Mkia uliopauka kwa jua la Dodoma hurudisha wekundu au buluu yake, na mara nyingine herufi za zamani za usajili, zile zinazoanza na 5H, alama ya ndege za Tanzania, huanza kusomeka chini ya rangi iliyopakwa baadaye. Rangi iliyogeuka unga kama chokaa hainufaiki sana.

Madirisha yana tabia yake. Ukisimama uso kwa uso na dirisha, filta haifanyi lolote. Sogea pembeni hadi ulitazame kwa pembe ya nyuzi kama 55 kutoka mstari wa uso kwa uso, kisha zungusha. Kutoka ndani ukitazama nje mambo hugeuka: plastiki ya dirisha ina mkazo, na filta huonyesha mabaka ya rangi za upinde wa mvua. Kuzungusha hakuyaondoi. Vua filta, kwanza ndani kuna giza na yenyewe inakula stopu 1.5 hadi 2 za mwanga (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu). Nje, penye kasi ya shata ya 1/400 kwa f/8 na ISO 100, tegemea 1/125 hivi.

Anga hukolea zaidi jua likiwa begani kwako. Kwa lenzi pana chini ya mm 24 kwenye fulufremu (kamera yenye sensa ya mm 36 kwa 24), anga hutoka na doa jeusi upande mmoja, na kulirekebisha kwenye kompyuta ni kazi ya kuchosha.

Dukani, ipime kabla hujalipa. Shika upande wa nyuzi za skrubu, ule unaofungwa kwenye lenzi, ukuelekee, tazama skrini ya LCD ya kompyuta mpakato iliyo nyeupe, zungusha. Lazima ifike giza karibu kamili. Ikiishia zambarau au buluu nzito, irudishe kabatini.

Chagua filta yenye pete ya shaba ya njano (brasi), hata kwa bei ya juu. Pete ya alumini hung'ang'ania nyuzi za lenzi, na vumbi la kiangazi likiingia kwenye mzunguko husaga. Peperusha kwanza kwa pampu ya mkono, ndipo ufute. Zungusha daima upande wa kukaza. Upande wa kulegeza utaifungua yote na kuiangusha kwenye changarawe. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani, gundi ya tabaka zake huachia kuanzia ukingoni.

Lenzi zako zikiwa za mm 58 na 67, nunua hii moja ya 77 na pete za kupandishia, zinazounganisha lenzi ndogo na filta kubwa. Ila kofia ya lenzi, ile ya kuikinga na jua, haitaingia tena, kwa hiyo kivuli ukitie kwa mkono.