Siku tatu za kufundishwa kwenda polepole na moto (pikipiki), hapa Goma

Bon, niko na myaka sita juu ya moto, gari haijanigonga hata siku moya, lakini moto yenyewe imeniangukia mara ine na zote ine nilikuwa karibu kusimama. Ya mwisho ilikuwa Majengo, nimebeba mama moya na gunia yake ya makala (makaa), nageuka mbele ya mulango wake, nikabana freni ya mbele na gidoni (usukani) imekunjwa, moto ikalala papo hapo. Mama hakuumia, alicheka hata, ila levye ya ambreyaji (mukono wa klachi) ilikatika na makala ikamwagika yote, nikalipa.

Njo maana nilienda kwa Muzee moya upande wa Ndosho mwenye anafundisha bamotari, sisi benye kubeba batu na moto, ndani ya kiwanja tupu. Dola 15 kwa asubui tatu. Barafiki balinicheka sana, eti myaka sita na unarudi masomo?

Asubui ya kwanza alinikataza freni ya mbele kabisa. Si kwa barabara hapana, ukiwa na mbiyo ile lazima uitumie, ni kwa ule mwendo wa mutu anatembea. Gidoni ikiwa imekunjwa na gurudumu la mbele likisimama gafla, uzito wote unaenda upande moya, na TVS HLX 125 tupu inapita kilo 110, tia mutu, tia gunia, muguu wako moya utazuia nini? Basi ni ambreyaji nusu, gazi (mafuta) kiloko, ni kusema kidogo, yenye haibadiliki, na muguu wa kuume unagusa freni ya nyuma polepole, moto inavutwa na inazuiwa kwa wakati moya, njo inasimama wima sawa kamba imekazwa. Tulifanya hiyo tu mpaka saa ine, kushindana, mwenye anafika wa mwisho bila kutia muguu chini njo anashinda. Vidole viliniuma siku mbili.

Kugeuka fasi ndogo, alisimamisha moto yake kule nyuma yangu akaniambia nisome namba yake wakati nageuka. Nilizani anacheza. Kumbe macho ikienda kule, na kichwa inaenda, na moto inafuata, lakini ukiangalia lile jiwe mbele ya gurudumu, utalipanda tu.

Kwangu pesa ilirudi kwa ile somo ya kusimama. Hapa kwetu chini haiko sawa, avenue nyingi ni volkano ya 2002 bado iko wazi, majiwe meusi yenye inateleza chini ya kiatu. Nyoosha gidoni mbele ya kusimama, angalia kwanza muguu wa kushoto utakanyaga wapi, ule wa kuume ubakie juu ya freni. Na mutu apande wakati umemwambia "panda mama", si wakati uko natafuta monei ya kumurudishia mufukoni, juu njo hapo bengi tunaanguka na aibu yake ni kubwa kuliko kidonda. Bekiye pia, ule muguu wa chuma wa kusimamisha moto, fasi ya changarawe tia jiwe la bapa chini yake, na kwa mulima uache moto ndani ya vitesi (gia) ya kwanza.

Sasa mabaya. Muzee anachelewa, alisema saa kumi na mbili akafika saa moya na nusu, na anapiga makelele sawa tuko jeshini. Hakuuliza kaske (kofia ya moto), kuko kijana alifanya siku zote tatu kichwa wazi, hiyo hapana kabisa. Na kiwanja yake ni laini mno, tambarare, iko mbali na ile shida ya Birere yenye chukudu (kigari cha mbao cha kubeba mizigo) iko mbele yako, mama wa ndizi pembeni, na mutu nyuma anakusukuma na klaksoni. Mutu wa kubeba hakuna, ni mufuko wa mucanga tu, na mucanga haujitikisi sawa mutu mwenye anajibu telefone.

Dola 15 si kiloko, lakini levye moya, makala ya watu na siku bila kazi vinapita hapo. Mukienda muende na kaske yenu, na mumuombe siku ya tatu iwe kisha mvua kunyesha, mimi nilimuomba akakubali.