Hema la kukodi Arusha: kitambaa safi, fito takataka

Niseme ukweli kwanza, hema lenyewe halikuwa baya. Tulilikodi Arusha, duka silitaji, tukapita nalo Mto wa Mbu mpaka Ngare Sero kule Ziwa Natron, wenzangu walitaka kupanda mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai usiku mimi nilifuata flamingo tu. Waliofika huko wanajua, giza likiingia upepo unateremka kutoka ukuta wa Bonde la Ufa kama umetumwa, vumbi mpaka kwenye meno.

Na msije mkaniambia habari za kamba. Kamba tulifunga za kueleweka, zimeshuka kwa mshazari, vigingi vimelala vichwa vikitazama nje, upande wa upepo nikaongeza za kwangu maana kwenye begi lao zilikuwa chache na nyingine hazina hata kile kiplastiki cha kukazia. Ardhi kule ni jivujivu la volkano, kigingi hakishiki, tukavikandamizia mawe. Haikuachia hata moja! Kilichoachia ni ufito, ile fimbo ya pingili pingili inayosimamisha hema. Tah! Namulika tochi, faibaglasi imechanika kwa urefu, nyuzi nyeupe zimesimama, ncha ishatoboa kitambaa. Halafu naona pembeni ya kibomba cha kuungia kuna selotepu ya zamani imekauka mpaka imekuwa kahawia, yaani ulishavunjika siku nyingi wakanipa hivyohivyo.

Alumini ingepinda, asubuhi unainyoosha taratibu maisha yanaendelea. Faibaglasi haina salamu, inapasuka. Nikalaza kigingi juu ya mpasuko nikazungushia tepu, miiba ikanijaa vidoleni, ila hema lilisimama mpaka alfajiri, kwa hiyo kimoyomoyo nilishawasamehe.

Sasa dukani. Kijana wa kaunta hajafungua hata begi, anaanza, "Dada, nyie mkipitisha fito kwenye kitambaa mnavuta badala ya kusukuma, pingili zinaachana humo ndani ndo maana zinavunjika." Mimi! Ambaye nasukuma kidogokidogo, nahakikisha kila pingili imezama mpaka mwisho, hata kukunja naanzia katikati ili ule mpira wa ndani unaoshikanisha pingili usivutike upande mmoja! Namwonyesha selotepu yao, ananiambia hiyo ni "sapoti". Sapoti! Dhamana akakata nusu, kwenye risiti akaandika uharibifu wa mteja, huku anachati.

Nilikaa chini niandike kwamba kodini tu, bei yao nzuri, ila mbebe tepu na kibomba cha akiba. Lakini kila nikikumbuka ile sapoti naona msiende kabisa. Au nendeni, ila kabla hamjatoa hela mwageni fito zote sakafuni mbele yake, mzipapase pingili kwa pingili, mumuulize na hii hapa ni sapoti? Nusu yangu bado naidai, bosi wao akisoma namba yangu iko kwenye risiti.