Minicom na modemu ya simu ya mezani: kompyuta inapiga yenyewe mpaka laini ipatikane

Nahudumia mitambo ya simu maofisini hapa Dar. Mteja wangu wa Kurasini bado ana mtambo wa zamani ambao kumbukumbu zake huchotwa kwa modemu tu (kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu), na laini ya modemu ndiyo hiyo hiyo wafanyakazi wanayopigia simu kutwa. Ukipiga mchana modemu inakujibu BUSY, yaani laini inatumika. Ukipiga tena, BUSY. Kwenda mwenyewe na kukaa kwenye foleni ya malori ya bandarini kwa ajili ya faili dogo ni hasara tupu.

Natumia Minicom, programu ya kuongea na modemu, kwenye kompyuta ya Ubuntu. Orodha yake ya namba inajua kurudia kupiga, ila usipogusa mipangilio inajaribu mara 10 tu, ikipumzika sekunde 2 kila mara. Kwa laini inayoshikwa muda mrefu hivyo, haisaidii. Dawa ni runscript, programu ndogo inayokuja pamoja na Minicom na kutekeleza skripti, yaani orodha ya amri. Skripti ni maandishi ya kawaida: send, expect, sleep, goto. Likija jibu CONNECT (imeunganishwa), inaingiza jina na nywila. Ikija BUSY au NO CARRIER (haikuunganishwa), inalala dakika moja na kurudi mwanzo. Tafadhali usipunguze hiyo dakika. Wenye laini nao wanasubiri simu zao.

Kinachowakwamisha wengi ni muda. Runscript hujizima baada ya sekunde 120 usipoiambia vingine, kwa hiyo andika timeout (kikomo cha muda) kubwa mstari wa kwanza kabisa, la sivyo utarudi ukute imeshaacha kazi zamani.

Halafu kuna suala la mlio wa laini, ule unaosikika kabla ya kupiga namba. Ofisini kwetu Posta lazima ubonyeze 9 kupata laini ya nje, na mlio wa ndani modemu haiutambui. Inasema NO DIALTONE, yaani hakuna mlio. Nikaweka ATX3DT9,022 na namba ya mteja. X3 inaiambia modemu isingoje mlio, lakini iendelee kutambua laini inayotumika. Alama ya mkato ni pumziko la sekunde 2. Ukishuka hadi X1, BUSY haiji kabisa. Modemu inangoja mpaka muda uishe ndipo ikate, na kila jaribio linakula muda bure.

Upungufu wa runscript upo: vigeu, yaani majina ya kuhifadhia thamani ndani ya skripti, ni herufi moja moja, a hadi z, na vinabeba namba kamili tu. Kwa kazi hii vinatosha. Naianzisha Minicom asubuhi kwa -S ya skripti na -C ya kuhifadhi kila kinachoingia, naenda kwa wateja wengine, na nikirudi kumbukumbu za Kurasini zimeshafika. Fundi yeyote mwenye mitambo ya aina hii, namshauri aiweke.