Saa moja Wigmore Hall: baritoni kijana, piano na nyimbo za Kijerumani

Jumatatu ndiyo siku yangu ya mapumziko kazini, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikipita Mtaa wa Wigmore, nyuma ya maduka ya Oxford Street hapa London, nikiwaona watu wanaingia kwenye ule ukumbi kabla ya saa saba mchana. Safari hii nikakata tiketi nami nikaingia.

Ukumbi ni mdogo, viti takriban 550. Ulijengwa na kampuni ya Kijerumani ya kutengeneza piano, Bechstein, ukafunguliwa mwaka 1901 kwa jina lao. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiga, mali zao zikachukuliwa, ukumbi ukauzwa, na 1917 ukafunguliwa tena kwa jina la mtaa. Hakuna maiki wala spika. Mwimbaji anasimama pale piano inapojipinda, kwenye kiuno chake, na sauti inakufikia kama mtu anayeongea nawe sebuleni.

Nimekulia kwenye kwaya ya KKKT, kanisa la Kilutheri, kule Moshi, naimba sauti ya teno, na kitabu chetu cha nyimbo kimejaa tuni zilizotoka Ujerumani. Kwa hiyo nilidhani najua nimekuja kusikiliza nini: mwimbaji, na piano ya kumsindikiza. Hapo ndipo nilipokosea.

Kijana wa baritoni, yaani sauti ya kiume ya kati, na binti wa piano walianza na Schubert, mtunzi wa Austria. Wimbo wa tatu ulikuwa *Erlkönig*, alioutunga mwaka 1815 akiwa na miaka 18, kwa shairi la Goethe. Baba yuko juu ya farasi usiku, amembeba mwanawe. Mtoto anaona jini linamwita, baba haoni kitu. Mwimbaji mmoja anabeba sauti nne: msimulizi, baba, mtoto na jini. Kijana huyu hakuigiza kwa mikono. Alibadilisha sauti tu. Baba akawa mzito, jini likawa laini la kubembeleza, na kila alipolia mtoto "Mein Vater, mein Vater", yaani "Baba yangu, baba yangu", kilio kilipanda juu zaidi ya kile cha kwanza.

Lakini macho yangu yalikuwa kwa binti aliyepiga piano. Farasi ni mkono wake wa kulia: noti ileile, haraka haraka, tatu tatu, karibu dakika nne. Nilikuwa safu ya tano na niliona mkono ulivyotulia, kifundo pekee ndicho kilichocheza. Kazi hii ni ngumu kiasi kwamba Schubert mwenyewe aliacha toleo jepesi zaidi la sehemu hiyo. Mwishoni farasi akasimama. Kimya. Mwimbaji akasema, karibu bila tuni, kwamba mikononi mwa baba mtoto amekufa. Mama aliyeketi kando yangu alishusha pumzi kwa sauti. Binti akaweka mkono mapajani, akaufungua na kuufumba mara mbili, kisha akagusa kishikwambi chake kutafuta wimbo unaofuata.

Sehemu kubwa ya saa ile ilikuwa *Dichterliebe*, yaani "Mapenzi ya mshairi", ya Schumann, nyimbo 16 kwa mashairi ya Heine, zilizotungwa 1840. Mwaka huo Schumann alikuwa mahakamani na baba wa mchumba wake Clara; baba huyo alikataa kata kata wasioane. Clara alikuwa mpiga piano mwenye jina kubwa. Nikikumbuka hilo, naelewa kwa nini piano humu inajua mambo ambayo mwimbaji hayasemi. Wimbo wa kwanza tu, wa mwezi Mei na maua kuchanua, unaishia hewani. Sikio la mwanakwaya linangoja tuni irudi nyumbani, na hairudi.

Wimbo wa 13 ndio ulionimaliza. Unasema: niliota nalia, niliota umo kaburini. Mwimbaji yuko peke yake kabisa, piano iko kimya, halafu inajibu kwa mapigo mafupi, makavu, kama mtu anayebisha mlango asiotaka kufunguliwa. Niliota umeniacha. Mapigo tena. Mara ya tatu anaota bado anapendwa, na ndipo machozi yanapozidi. Karatasi ya maneno ya nyimbo ilikuwa na Kijerumani upande huu na Kiingereza upande ule, nami nilikuwa naigeuza Kiswahili kichwani. Hapo nikaiweka chini.

Si yote yaliyokuwa sawa. Katika *Ich grolle nicht*, yaani "Sina kinyongo", kuna noti ya juu ambayo mwimbaji ana hiari ya kuipanda au kubaki chini. Yeye alipanda, na sauti ikabana. Nadhani angebaki chini angetuumiza zaidi, maana anayesema hana kinyongo kwa kupiga kelele tayari tunamjua. Na katika nyimbo mbili za haraka maneno yalimezwa.

Kilichoniudhi hasa kilitoka kwetu wasikilizaji. Wimbo wa mwisho, baada ya mwimbaji kumaliza, piano inaendelea peke yake zaidi ya dakika moja, ikirudia tuni iliyosikika mwishoni mwa wimbo wa 12, taratibu, kama inamsamehe kila mtu. Mwimbaji alisimama akiwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama sisi. Noti ya mwisho haijafifia, mtu nyuma akapiga makofi. Niliumia kweli. Tafadhali, ukienda, ngoja binti aondoe mikono kwenye piano na kijana ainue macho.

Kwa anayetaka kujaribu: usiogope Kijerumani. Fika dakika 20 mapema, usome maneno yote, kisha usiyafuate mstari kwa mstari. Wenye umri chini ya miaka 35 hupata tiketi za pauni 5 kwa matamasha mengi. Na chagua kiti upande wa kushoto ukielekea jukwaa, ambako mikono ya mpiga piano inaonekana. Nimeshakata viti viwili vya huko kwa mwezi ujao. Cha pili ni cha binti yangu, yuko mwaka wa tatu wa kujifunza piano, na kila siku ananiuliza lini atapewa kipande ambacho si cha kumsindikiza mtu.