Matairi ya inchi 33 kwenye 4x4 yangu, baada ya kilomita 38,000

Nianze na rula, maana ndiyo iliyoniumbua. Gari langu lilitoka kiwandani na matairi ya 265/65R17. Nikayatoa, nikaweka 285/70R17, haya ambayo wapenzi wa 4x4 huyaita "33" kwa kipenyo chake cha karibu inchi 33. Kichwani nilishajipigia hesabu kwamba gari litapanda inchi mbili na ushee. Siku ya kuyafunga nililala chini na rula, nikapima kutoka sakafuni hadi tumbo la difu la nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, kabla na baada. Milimita 24. Upana wa kidole gumba changu.

Hesabu haikuwa na kosa, mimi niliyeisoma ndiye niliyekuwa nalo. Tairi la 285/70R17 lina kipenyo cha kama milimita 831, la zamani 776. Tofauti ni 55, lakini ekseli inakaa katikati ya tairi, kwa hiyo yenyewe inapanda nusu tu, milimita 27. Zile tatu zilizobaki zilimezwa na tairi kubonyea chini ya uzito wa gari. Ukisikia mtu anasema ameongeza inchi mbili kwa kubadili matairi, mwulize alipima wapi.

Hata hivyo kidole gumba hicho sikidharau. Springi ndefu hunyanyua bodi na chasisi, lakini ekseli ya nyuma ikiwa ni kipande kimoja kigumu, difu linabaki palepale lilipokuwa. Tairi ndilo linaloliinua. Njia ninayoipita mara kwa mara hupitiwa na malori, na mvua zikinyesha hubaki makorongo mawili na tuta katikati. Zamani difu langu lilikuwa likilima tuta hilo kama jembe. Sasa siku nyingi linapita bila kugusa.

Jina la kampuni ya matairi silitaji. Ni A/T, yaani za lami na vumbi pia, zenye kashata (vile vipande vya raba vinavyokanyaga chini) nene na mbavu ngumu, za daraja la LT, lile la malori mepesi, na mengi nitakayoyasema yatakukuta hata ukichukua ya kampuni nyingine alimradi saizi ni hii.

Kufunga

Fundi aliyatazama, akalitazama gari, akasema: "Yataingia tu, bosi." Na kweli yaliingia. Tairi likiwa limenyooka, gari limesimama kwenye sakafu tambarare, kila kitu kilionekana kizuri ajabu. Nikapiga picha. Nikarudi rivasi kutoka gereji, nikakata usukani hadi mwisho, na hapo ikasikika krrrr ambayo kila aliyewahi kufanya kazi hii anaijua.

Kwanza ilikuwa plastiki ya ndani ya madigadi. Hiyo ni rahisi: unaichemsha kwa hewa ya moto, unaisukuma nyuma, au unaikata kipande. Tatizo lenyewe lilikuwa nyuma yake, pale bodi inapokalia chasisi kwa kile kikono cha chuma chenye raba. Tairi lilikuwa likikisugua kila nilipokata kona kali kwa kurudi nyuma. Chuma kikisugua raba, kinachoumia ni raba.

Fundi wa alaimenti alinisaidia zaidi ya nilivyotegemea. Aliongeza kasta, yaani mwinamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hukatia kona, na kasta ikiongezeka gurudumu la mbele husogea mbele kidogo, mbali na kile kikono. Alipata milimita chache, zikapunguza msuguano lakini hazikuumaliza. Mwisho wa siku kikono kilikatwa kona kwa grenda, kikachomelewa bamba jipya, kikapigwa rangi ya kuzuia kutu. Kazi ya mchana mzima. Kama fundi wako hana uzoefu wa kuchomelea chasisi, usimpe kazi hii ajifunzie kwako, kwa sababu sehemu hiyo inabeba bodi.

Kosa langu lilikuwa kupima gari likiwa limesimama sawa. Njia sahihi ni kupandisha gurudumu moja la mbele juu ya kitu kirefu, springi ibanwe hadi karibu na mwisho, halafu ukate usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho huku mtu mwingine akichungulia kwa tochi. Hapo tairi linaonyesha tabia yake yote. Fanya hivyo kabla hujalipa.

Jambo jingine ni rimu. Nilishawishika kununua zenye ofseti ndogo ili matairi yatokeze nje kidogo, gari lionekane pana. Nashukuru sikuzinunua. Tairi likitokeza nje huzunguka kwa duara kubwa zaidi unapokata kona, kwa hiyo linagusa sehemu ambazo lisingegusa. Za kiwandani zina upana wa inchi 7.5, na saizi hii inazikubali, ingawa ni mwisho wa chini wa kinachoruhusiwa.

Nati nilizikaza tena kwa spana ya torki baada ya kilomita 80. Mbili zilikuwa zimelegea kidogo. Usipuuze hili.

Barabarani

Nilipima uzito kwa mzani wa kujipimia mwili. Gurudumu la zamani pamoja na rimu yake lilikuwa kilo 28, jipya kilo 37. Kilo tisa kwa kila gurudumu, na si kilo za mzigo uliokaa kwenye buti. Hizi zinazunguka, na sehemu kubwa iko pembeni kabisa ya gurudumu, pale ambapo ni vigumu zaidi kuzianzisha na vigumu zaidi kuzisimamisha.

Gari lilikuwa kama limekula likashiba. Kuondoka kwenye taa kulihitaji mguu zaidi. Kwenye mlima ambao zamani lilipanda kwa gia ya nne, sasa otomatiki inashuka ya tatu, inapanda ya nne, inajuta, inashuka tena. Kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 7 ni sawa na kurefusha gia zote kwa kiasi hicho hicho. Siku hizi mlimani naifunga gia kwa mkono, kelele zinakwisha.

Breki zinafanya kazi, lakini pedali inadai nguvu zaidi, na nimejizoesha kuacha nafasi kubwa mbele yangu. Kwenye lami yenye maji ndipo nisipoyapenda kabisa. Yale ya kiwandani yalishika vizuri kuliko haya. Mara mbili nimehisi ABS, ule mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge, ikitetemesha mguu mahali ambapo zamani nisingeisikia.

Spidomita ilinichekesha. Kabla ya kubadilisha, mshale ukisema 100, GPS ilisema 96. Spidomita nyingi husoma juu kidogo tangu kiwandani. Sasa mshale ukisema 100, GPS inasema 103. Yaani ule unafuu mdogo uliokuwa ukinikinga na kamera za barabarani umekwenda, na mimi ndiye niliyeuondoa.

Hapo hapo ndipo watu wengi hukosea kwenye mafuta. Nilikuwa natumia lita 11.2 kwa kilomita 100. Baada ya matairi, kwa kilomita za dashibodi, nikapata 13.3, nikashika kichwa. Lakini dashibodi sasa inahesabu pungufu: ikisema nimekwenda kilomita 500, nimekwenda karibu 535. Ukisahihisha, matumizi halisi ni kama lita 12.4. Bado ni ongezeko, na bado linauma, ila ni nusu tu ya hofu niliyokuwa nayo. Kwa sababu hiyo hiyo, kubadilisha oili na kufanya sevisi usingoje dashibodi ikufikishe, wahi kidogo.

Kelele hazikuwa mbaya mwanzoni. Zilianza kilomita ya 12,000 hivi, mvumo kama wa lori la mbali lisilofika. Ulikuwa uzembe wangu. Sikuwa nimeyahamisha matairi nafasi zake, na kashata zilikuwa zimelika upande mmoja juu, upande mwingine chini, ukizipapasa kwa kiganja unahisi meno ya msumeno. Sasa nayazungusha kila kilomita 8,000, yote matano. Mvumo umepungua, haujaisha.

Upepo

Stika ya mlangoni inasema psi 29. Nilijaza 29, nikasafiri, nikasimama, nikagusa mabega ya tairi: ya moto. Stika ile iliandikwa kwa ajili ya matairi yaliyokuja na gari. Tairi la LT lina uwezo mkubwa wa kubeba, langu lina faharasa ya mzigo ya 121, yaani kilo 1,450, na la zamani lilikuwa 112, yaani kilo 1,120. Lakini uwezo huo linaupata kwa upepo mwingi zaidi, na kwa mzigo ule ule linadai psi kadhaa juu ya zile za stika.

Nilimaliza ubishi kwa chaki. Unachora mstari kukatiza uso wa tairi, unaendesha mita mia kadhaa kwenye lami iliyonyooka, unashuka kuangalia. Mstari ukifutika katikati tu, upepo ni mwingi. Ukifutika pembeni tu, ni mdogo. Mimi nimetulia kwenye 36 nikiwa peke yangu, na 38 nyuma nikiwa na mzigo.

Mchanga

Hapa ndipo ninapopaswa kuwa mkweli kuliko pote. Mwezi wa pili tangu niyafunge, tulikwenda watu wawili, magari mawili ya aina moja. Mwenzangu alikuwa na matairi yake ya kiwandani, tena nusu yameisha. Tulifika kwenye mto mkavu wenye mchanga laini. Nikatangulia, bila shaka, nikiwa na matairi yangu mapya. Nilikwenda kama mita 30, gari likaanza kunung'unika, nikakanyaga mafuta badala ya kuachia, likakaa. Ekseli juu ya mchanga.

Mwenzangu alishuka, akapima upepo wake kwa geji, akateremsha hadi psi 18, akapanda gari lake na kunipita pembeni taratibu hadi ng'ambo. Kisha akarudi kwa miguu.

"Kaka, wewe umeshusha ngapi?"

Sikuwa nimeshusha. Nilikuwa na 36. Niliamini ukubwa ungefanya kazi ya upepo.

Tulichimba, nikashusha hadi 18, gari likatoka kwa nguvu zake lenyewe, hata kamba hatukufunga. Tairi likipunguzwa upepo hurefuka pale linapokanyaga, alama yake inakuwa ndefu zaidi ya ilivyopanuka, na uzito ule ule unagawanywa kwenye eneo kubwa. Tairi la kawaida lililoshushwa lilinishinda mimi niliyejaza kubwa hadi juu. Tangu siku hiyo nawaambia wanaoniuliza wanunue kwanza geji nzuri na kompresa, wakae navyo msimu mmoja, ndipo waamue kama wanahitaji saizi nyingine. Tahadhari tu: ukishusha hivyo usikate kona kwa kasi, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, na ukirudi kwenye lami jaza kabla hujaongeza mwendo.

Kwenye mawe, sifa naziweka mahali pake. Mbavu za haya matairi zimekwaruzwa, zimechubuka, hazijapasuka. Katika kilomita 38,000 nimepata pancha moja. Ya zamani yalinipa tatu kwenye njia zile zile.

Tairi la akiba

Na hiyo moja ilinikuta nikiwa na akiba ya saizi ya zamani. Nilinunua manne ili kubana matumizi. Gari langu huendesha magurudumu yote manne muda wote, na gurudumu moja likiwa dogo kwa asilimia 7 linazunguka haraka kuliko wenzake, kwa hiyo difu halina mapumziko hata barabara ikiwa imenyooka. Niliacha difu la katikati, lile linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, bila kulifunga, nikajikokota kilomita 40 kwa mwendo usiozidi 50, nikisikiliza kila mlio. Hakuna kilichovunjika. Wiki iliyofuata nikanunua la tano.

La tano nalo likakataa kukaa vizuri mlango wa nyuma, likawa linagusa bampa. Likahitaji kusogezwa juu. Sasa mlango umekuwa mzito, bawaba zimeanza kulalamika, na kamera ya nyuma inaona raba nusu ya picha.

Nikiulizwa kama nayapendekeza, huuliza kwanza mtu anakwama wapi. Anayegusa difu kwenye makorongo kila wiki, ndiyo, na ajiandae kwa grenda. Anayekwama mchangani au kwenye utelezi mwepesi atapata karibu yote anayoyataka kwa A/T nzuri za saizi ya kiwandani, au 265/70R17, ambayo inainua ekseli kama milimita 13 na kwenye gari kama langu inaingia bila kukata chuma. Anayetaka gari lionekane vizuri kwenye picha, hilo nalo ni jibu halali, mimi mwenyewe nilipiga picha kabla ya kutoka gereji. Na kabla ya yote uliza sheria za ukaguzi wa magari unakoishi, na uiambie bima yako. Kuna mahali saizi hii hairuhusiwi bila cheti.

Yalikuja na kina cha milimita 12 za kashata. Leo asubuhi nimepima, yamebaki 6. Yakifika 4 nitafunga 265/70R17, na kile kikono kilichokatwa kitabaki na nafasi ya bure.