Kutoka Chombo cha Angani hadi Kisu cha Jikoni: Filamu za Kutisha Zinazostahili Kutazamwa, na za Kuachwa

Filamu nzuri ya kutisha hukufundisha nyumba kabla ya kukuletea muuaji. Hukuonyesha mlango wa nyuma ulipo, simu iko chumba gani, nani analala juu na nani chini. Ukishajua hayo, inaanza kukunyang'anya kimoja baada ya kingine. Filamu mbaya huiruka kazi hiyo ikakimbilia kelele na damu. Kwa kipimo hicho tunazipima hapa aina mbili ambazo mashabiki huziweka mbalimbali: filamu za watu kutekwa na viumbe wa angani, na zile za muuaji mwenye kisu, yaani slasha. Slasha hukuachia nafasi ya kukimbia. Katika filamu za kutekwa, hata ukifunga mlango kwa komeo tatu, umejifungia bure.

Kati ya zile za angani, Fire in the Sky (1993) ya mwongozaji Robert Lieberman ndiyo hutajwa kwanza, na inastahili. Imetokana na madai ya Travis Walton, mkata miti wa Arizona aliyetoweka tarehe 5 Novemba 1975 wakati yeye na wenzake wakirudi kutoka kazini msituni, akaonekana tena baada ya siku tano. Sehemu kubwa ya filamu haina kiumbe hata mmoja. Ni habari ya wanaume waliorudi mjini bila mwenzao, mikononi wana hadithi isiyoaminika, na majirani wanawatazama kama wauaji. Robert Patrick, anayeigiza kiongozi wa kikosi, anaibeba sehemu hiyo kwa uso wa mtu aliyekosa usingizi. Wapo wanaolalamika kwamba filamu inachelewa. Kuchelewa huko kuna kazi yake: unapofika kwenye tukio la chomboni umeshazoea maswali ya polisi, kipimo cha kugundua uongo na minong'ono ya mji, mambo ya kawaida kabisa, na hujajiandaa kwa kinachofuata.

Kinachofuata ni dakika chache zisizosahaulika. Travis anazinduka ndani ya kifuko chenye utando, mwili hauna uzito, anaelea gizani. Anakutana na vitu vilivyosimama mfano wa viumbe, kumbe ni mavazi matupu. Wenyewe wanapokuja wanamburura kwenye njia chafu, wanamlaza mezani na kumfunika utando unaombana mwili mzima, kisha wanautoboa penye jicho ili sindano ipite. Ukali wa tukio hili uko kwenye uchafu. Filamu nyingi huonyesha chombo cha angani kikiwa kisafi na chenye taa nyeupe, mahali ambapo angalau kuna utaratibu. Hapa hakuna anayejali kama unaumia. Maelezo ya Walton mwenyewe hayana mateso ya namna hii, watengenezaji waliyabuni. Kama hadithi ya kutisha, waliamua vyema. Kama ushahidi wa chochote, tukio hilo halina thamani, na mtazamaji aingie akilijua hilo.

Wiki mbili tu kabla ya Walton kutoweka, televisheni ya Marekani ilikuwa imeonyesha The UFO Incident (1975), kuhusu Betty na Barney Hill, wanandoa waliodai kuchukuliwa usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 1961 huko New Hampshire. Ni filamu ya bajeti ndogo, na viumbe wake hawatamtisha mtu leo. Itazame kwa ajili ya James Earl Jones. Barney anapolazwa usingizi wa bandia na daktari, anasimulia alichokiona, na kamera inabaki usoni pake tu. Sauti ile nzito inapasuka, mtu mzima anaanza kulia kama mtoto, na wewe unaogopa kitu ambacho hukuonyeshwa. Waongozaji wengi wenye fedha mara mia ya zile bado hawajalipata somo hilo.

The Fourth Kind (2009) tunashauri uiache. Inaanza kwa Milla Jovovich kuikabili kamera na kusema kwamba anamwigiza mtaalamu wa kweli wa saikolojia kutoka Nome, Alaska, na kwamba video utakazoona ni halisi. Si halisi, mtaalamu huyo hakuwahi kuwapo na video zimeigizwa. Studio ilibidi iilipe fidia klabu ya waandishi wa habari wa Alaska kwa sababu ya makala za uongo zilizotengenezwa ili kuitangaza filamu. Nome ni mji ambako watu walipotea kweli, wengi wao wenyeji wa asili wa Alaska, na uchunguzi wa FBI ulielekeza kwenye baridi kali na ulevi. Kugeuza misiba ya familia hizo kuwa chambo cha tiketi ni jambo baya. Hata kiufundi inajiangusha: kila hofu inapokaribia kuiva, skrini hugawanywa mara mbili, video “halisi” upande mmoja na waigizaji upande wa pili, na jicho linashindwa kukaa mahali pamoja.

Communion (1989) ina Christopher Walken katika hali ya ajabu kuliko kawaida yake, na wanasesere wa mpira wanaoua kila hofu. Signs (2002) ni bora kuliko wengi wanavyoikumbuka: noti tatu za James Newton Howard zinazojirudia tangu majina ya mwanzo, na ile video ya sherehe ya watoto nchini Brazil, ambapo kiumbe anapita uchochoroni kwa sekunde chache tu. Mwisho wake ndio dhaifu. No One Will Save You (2023) ina maneno machache mno kwa filamu nzima, kwa hiyo hatua za miguu, mbao za sakafu na pumzi za Kaitlyn Dever ndizo zinazokueleza nani yuko wapi ndani ya nyumba. Nayo Nope (2022) ilipiga matukio mengi ya usiku mchana kweupe, kamera mbili zikiwa zimelengeshwa pamoja, moja ya filamu pana na nyingine ya mwanga usioonekana kwa macho, kisha picha zikaunganishwa. Ndiyo maana katika giza lake unaona hadi kwenye vilima, na bado unajua ni usiku.

Daraja kati ya aina hizi mbili amelijenga mtu mmoja, John Carpenter, mwongozaji wa The Thing na Halloween. The Thing (1982) ina kiumbe kutoka angani, lakini inakwenda kwa sheria za slasha: jengo moja, watu wanaopungua, na adui anayeweza kuwa yeyote kati yao. Vipodozi na maumbo vilibuniwa na Rob Bottin, aliyekuwa na miaka 22 tu alipoanza kazi ile. Watu husifu miili inayopasuka. Sisi tunasifu zaidi kipimo cha damu. Waya unapashwa moto, unachovywa kwenye kisahani cha damu ya kila mtu, na damu isiyo ya binadamu itajitetea. Sheria ni rahisi, imeelezwa waziwazi, na inarudiwa hadi unauzoea mlio wake. Kisha jibu linakuja wakati mazungumzo yako kwingine. Ukitaka kujua jinsi mshtuko unavyojengwa, tazama tukio hilo mara mbili, mara ya pili ukihesabu visahani.

Sasa visu. Wengi huanzia Halloween. Anza miaka minne nyuma, na Black Christmas (1974) ya Bob Clark, iliyopigwa Kanada. Wanafunzi wa kike wanaishi nyumba moja, simu inalia, na upande wa pili kuna sauti kadhaa zinazogombana ndani ya koo moja. Sauti hizo zilitengenezwa na watu zaidi ya mmoja, na ndiyo sababu sikio haliwezi kumpa muuaji umri wala sura. Katika matukio ambayo kamera inakuwa macho yake, mpiga picha alifungiwa kamera mwilini ili mikono yake mwenyewe ionekane ikipanda ukuta. Sehemu bora kuliko zote haina hata tone la damu: fundi wa kampuni ya simu anakimbia katikati ya safu za mitambo, akifuata kwa macho swichi zinazogonga, kutafuta simu inatokea wapi. Kadiri mazungumzo yanavyorefuka ndivyo anavyokaribia, kwa hiyo msichana analazimika kuendelea kumsikiliza yule anayemtisha. Hofu na ufundi wa simu vimekuwa kitu kimoja. Simu za mkononi zimewanyima waandishi wa leo mtego huo, na wengi wao hawajapata mbadala.

Halloween (1978) iligharimu takriban dola 325,000, na ukiijua bajeti hiyo unaanza kuona akili iliyotumika. Kinyago cha muuaji, Michael Myers, kilikuwa cha bei ndogo dukani, sura ya Captain Kirk wa Star Trek. Kilipakwa rangi nyeupe na matundu ya macho yakapanuliwa. Haddonfield, mji wa hadithi hiyo huko Illinois, ilipigwa California, majani ya vuli yakapakwa rangi, yakamwagwa barabarani na kuokotwa tena kwa tukio linalofuata. Muziki ni wa Carpenter mwenyewe, mapigo matano badala ya manne yaliyozoeleka, hivyo mwili wako husubiri pumziko lisilokuja. Damu ni kidogo sana. Kinachotisha ni upana wa fremu: mpiga picha Dean Cundey humweka Laurie, msichana anayewindwa, upande mmoja na kuuacha upande wa pili mtupu, nawe unautazama ule utupu. Katika tukio la mlango wenye giza nyuma yake, uso mweupe unajitokeza polepole kwa sababu taa ndogo iliongezwa mwanga taratibu. Hakuna mlio wala mruko. Uso ulikuwepo muda wote.

Kwa sababu hiyo toleo unalotazama ni suala zito. Kanda za zamani zilikata pande za picha ili ijae kwenye televisheni za mraba, na mara nyingine zikamkata Michael mwenyewe. Matoleo mengine yaling'arisha usiku na kupoteza ubuluu wake. Diski ya mwaka 2013 ilisimamiwa rangi na Cundey. Hiyo ndiyo ya kutafuta.

The Texas Chain Saw Massacre (1974) ina sifa ya damu isiyokuwepo. Tobe Hooper alitarajia ipewe daraja la kutazamwa hata na vijana, hivyo kulabu la nyama halionyeshwi likiingia mwilini. Unaona ndoano, uso wa msichana, na beseni chini yake. Akili yako inamalizia. Ilipigwa kwa filamu ya milimita 16 katika joto la kiangazi la Texas, na jasho lile si la kupaka. Uingereza haikuipa cheti kamili hadi 1999. Inachosha makusudi, hasa mlo wa jioni uliojaa mayowe, kwa hiyo asiyevumilia kelele aiache bila aibu.

Friday the 13th (1980) ni dhaifu katikati: watu wanatembea, wanaitana, wanakufa. Inaokolewa na Tom Savini, fundi wa vipodozi na majeraha ya bandia. Katika kifo cha mwigizaji Kevin Bacon, kichwa ni chake, kimepenya tundu la kitanda, shingo na kifua ni vya bandia. Mrija wa damu ulipogoma, msaidizi aliyekuwa chini ya kitanda aliupuliza kwa mdomo, na ndiyo maana damu inatoka kwa mapigo kama ya mshipa. Kile kinyago maarufu cha hoki cha muuaji Jason usikitafute hapa. Kilikuja filamu ya tatu, 1982. A Nightmare on Elm Street (1984) ilijenga chumba kinachozunguka, kamera imefungwa ndani yake izunguke nacho, hivyo msichana anayeonekana kuburutwa hadi darini alikuwa akitambaa kwenda chini. Chumba hichohicho kilitumika kumwaga damu ya kitandani: kilipinduliwa, maji mekundu yakamwagwa juu chini, uzito ukahama na chumba kikaanza kuzunguka bila kudhibitiwa. Katika filamu unaona damu ikigeuka upande ghafla. Ni ajali, na inatisha kuliko mpango wa awali.

Scream (1996) inatosha kuisifia kwa jambo moja: sauti ya muuaji simuni ilikuwa ya Roger L. Jackson, aliyezungumza kweli na waigizaji wakati wa kupiga picha, akifichwa wasimwone.

Kabla ya kuzitazama, rekebisha runinga. Zima mpangilio wa kulainisha mwendo. Filamu hizi zilipigwa picha 24 kwa sekunde, na runinga ikibuni picha za kujazia katikati, Haddonfield inageuka tamthilia ya mchana. Chagua hali ya sinema. Zima taa za chumbani, kisha shusha mwangaza hadi mikanda myeusi ya juu na chini ya picha iwe nyeusi kweli, uishie hapo. Ukipitiliza, uso wa mlangoni utamezwa na giza. Ukiuinua kupita kiasi, weusi unakuwa kijivu na unamwona muuaji mapema. Zima pia hali ya sauti ya usiku, kwa kuwa inasawazisha minong'ono na mayowe, na bila tofauti hiyo mshtuko haupo. Pima sauti kwa mazungumzo ya dakika tano za mwanzo, halafu usiguse tena kidhibiti. Black Christmas isikilize kwa hedifoni.

Kwa wanaotaka kuzifuatanisha usiku mmoja, weka The Thing kwanza na Halloween baadaye. Ukigeuza, ukimya wa Halloween utasahaulika mbele ya miili ya Bottin. Fire in the Sky itazamwe peke yake, na asiyeweza kuona sindano karibu na jicho atoke chumbani Travis anapolazwa mezani, arudi wenzake Travis wakirejea kwenye skrini. Hatakuwa amepoteza chochote cha hadithi.