Spiriti au siagi ya karanga: kuondoa weupe wa nta kwenye plastiki nyeusi ya gari

Ukipaka gari polishi ya nta ikagusa plastiki nyeusi ya bampa au fremu za madirisha, ikikauka huacha madoa meupe. Plastiki hiyo ina vinyweleo, na unga wa polishi hujificha humo. Kuisugua kwa kitambaa kikavu kunauzamisha zaidi.

Siagi ya karanga ni dawa ya jikoni inayofanya kazi kweli. Mafuta yake hulainisha nta, na chembe laini za karanga husugua bila kuchubua. Chukua ile laini, isiyo na vipande. Lakini mafuta hayo hayo huifanya plastiki ing'ae na kuficha weupe uliobaki. Usipoosha vizuri kwa sabuni, vumbi litaganda hapo, na mvua ikipiga weupe unarudi.

Mimi nachagua spiriti ya duka la dawa. Ichanganye na maji nusu kwa nusu, lowesha mswaki laini wa zamani, sugua kwa mizunguko midogo, kisha futa papo hapo kwa kitambaa safi kabla haijakauka, la sivyo uchafu unatulia palepale. Fanya kivulini, gari likiwa limepoa, mbali na moto. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Spiriti huondoa pia mafuta ya kung'arishia plastiki, hivyo plastiki itapauka kidogo, ipake mafuta hayo upya. Na safari ijayo, bandika tepu ya karatasi kwenye plastiki kabla ya kufungua kopo la polishi.